Samaki wa Barafu wa Bernadina

Siku ya kwanza Philbert kukutana na Bernadina sokoni Karatu, mwaka wa tisini na nane, alifunua boksi la samaki la mama huyo, akaona barafu, akafunika. Philbert alikuwa akiinunulia chakula hoteli moja ukingoni mwa kreta, na kwake samaki wa barafu alikuwa samaki wa jana. Akataka apunguziwe.

"Sipunguzi," alisema Bernadina. "Huyu katoka Ziwa Eyasi leo asubuhi. Barafu nilishuka nayo ziwani mwenyewe."

"Barafu ni ya kufichia, mama."

"Basi kanunue wa juani, Mchaga. Huyo hafichi kitu, hata harufu."

Wauza nyanya wakacheka. Bernadina alishazoea vicheko. Wambulu wenzake, ambao wazee wao hawakula samaki, walimwita muuza nyoka, naye aliuza mbuzi wake ili apate lile boksi.

Philbert akaenda kwa Dennis, muuzaji mwingine, ambaye samaki wake walipandishwa kutoka Mang'ola, kando ya ziwa hilohilo, wamefunikwa majani tu, bei poa. Wiki haijaisha, meza nzima ya wageni ikashikwa na tumbo. Meneja akamwambia atafute samaki salama, la sivyo arudi kwao Moshi.

Bwana afya alipokuja hotelini, Philbert alitegemea atabonyeza jicho la samaki na kufunua shavu, kama zamani. Huyu alichomeka kipimajoto. Akaeleza kwamba tangu Ulaya ikatae samaki wa Ziwa Viktoria, watafiti wanafuatilia ubaridi kuanzia majini: ukikatika njiani, vijidudu huzaliana huku jicho likingali linang'aa, na baadhi ya sumu zao hata moto wa jikoni hauziondoi.

Philbert akarudi kwa Bernadina amejiandaa kubishana bei. Bernadina hata hakuigusa. Alitaka friza la hoteli limgandishie barafu ya maji yaliyochemshwa, na jambo moja zaidi.

"Wanunuzi wenzako hao hapo. Waambie, samaki mbichi ni yupi?"

Philbert alikohoa. "Ni wa barafu."

"Kule kwenye viazi hawajasikia, kaka."

Akarudia kwa sauti.

Tangu hapo hakuna mgeni wake aliyeugua kwa samaki, na Moshi alikwenda Krismasi tu. Ila maneno yake yalifanya kazi kupita alivyotaka. Kambi zote za watalii zilimfuata Bernadina, akanunua friza lake, kisha pikapu, na waliomwita muuza nyoka wakaja kumwomba kazi. Philbert, aliyezoea kubembelezwa anunue, sasa alipanga foleni. Akigusia kupunguziwa, Bernadina alifunika boksi.