Mama Pumzi na Ukuta Uliokuwa Ukitoka Jasho

Haya nayaandika nikiwa na akili timamu, na neno la uongo halimo. Nilikuwapo tangu mwanzo, nimeketi mlangoni kwa jirani yangu mshonaji, na macho yangu bado yanaona sindano ikidondoka ng'ambo ya barabara.

Saa mbili asubuhi. Mama Pumzi, fundi wa mashine za hewa, anaingia chumbani kwa mshonaji na kuanza kunusa. Ananusa pazia, ananusa mto wa mtoto, kisha anafungua kabati na kuingiza kichwa chote ndani. Anapokichomoa, anauliza swali analouliza kila nyumba.

"Umesema hewa humu ni nzito. Nzito ya maji au nzito ya vumbi?"

Mshonaji hajui. Anachojua ni kwamba binti yake wa miaka sita ana pumu, na daktari amesema kifua hakitatulia katika hewa ya namna hii. Chumba ni hatua nne kwa tano: kitanda, cherehani, jiko la gesi, kamba ya nguo. Akiba ya miezi minane inatosha mashine moja tu. Dukani wamemshauri achukue ya kusafisha hewa, ile yenye taa ya bluu. Akaona heri amuulize Mama Pumzi kwanza.

Mama Pumzi, mwenye miaka arobaini na sita, alitengeneza majokofu kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia kwenye mashine za hewa. Anasema katika kila nyumba kumi anazoitwa, saba huziacha bila wenyewe kununua kitu: anawafungulia dirisha, anahamisha kamba ya nguo, anafunika sufuria, basi. Kuna mteja aliyewasha mashine ya kunyonya unyevu huku madirisha yote yako wazi.

"Nilimwambia, baba, unakausha mtaa mzima, na sisi wengine hatujakuchangia umeme."

Naongeza mimi, na hili nalishuhudia, kwamba wiki ile wingu lilipita juu ya mtaa huo likatoka upande wa pili limekonda.

Maelezo yake ni mepesi. Mashine ya kusafisha hewa huchuja vumbi, nyuzi na moshi, lakini maji haiyagusi. Ya kunyonya unyevu huyavuta maji hewani na kuyatema kwenye ndoo yake, ila vumbi inaliacha. Ukikosea, unabaki na ukungu ule ule wa ukutani, sasa una taa ya bluu.

Kipimo chake kidogo cha unyevu kinasoma asilimia themanini na moja. "Ikizidi sitini kila siku, ukungu unahamia na familia yake," anasema.

Kabla ya kuondoka anabandika kipande cha nailoni ukutani, nyuma ya kitanda, na kuziba kingo zote kwa utepe.

Kesho yake anarudi na kukipapasa. Juu ni pakavu. Anakibandua, na chini yake pamelowa chapachapa. Maji yangekuwa juu, anaeleza, yangekuwa ya chumbani: sufuria, nguo, pumzi za watu. Yakiwa chini, yanatoka ndani ya ukuta.

"Mashine yoyote utakayonunua leo, mdogo wangu, itakuwa inanyonya bomba la mtu. Nyuma ya ukuta huu anakaa nani?"

Mshonaji akanitazama.

Nilieleza kwamba ukuta ule ulijengwa kwa mchanga wa ufukweni, na kila mwezi unapokuwa mpevu hukumbuka bahari. Mama Pumzi alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaomba kuona bafu langu. Akapiga magoti na tochi. Chini ya sinki kulikuwa na kiungo cha bomba kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Hii kazi ya fundi gani, mzee wangu?"

"Fundi mmoja hivi," nikasema. "Alishastaafu."

Mshonaji hakucheka. "Babu," alisema taratibu, "mwanangu anakohoa tangu mwaka jana."

Fundi bomba aliitwa siku hiyo hiyo, kwa gharama ya nani msiniulize. Mama Pumzi aliagiza mashine ya kunyonya unyevu ifanye kazi mpaka ukuta ukauke, na hiyo nayo nimeinunua mimi. Akiba ya mshonaji itanunua ya kusafisha hewa, kwa ajili ya nyuzi za vitambaa.

Mama Pumzi anapanga kukodi chumba kidogo na kuweka mashine za kuazimisha, watu wajaribu mwezi mmoja kabla ya kununua. Nimemwahidi kuwa mlinzi. Amesema atafikiria, ila bomba nisiguse.

Kwa sasa nina kazi nyingine. Kila asubuhi naenda kwa jirani kumwaga ndoo ya mashine. Jana nilitangaza lita kumi. Binti akainama, akasoma alama pembeni, akasema ni mbili na nusu, halafu akanishikilia mlango nipite.