Malalamiko ya Aloyo

Sajenti Okullo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mlevi wa kupiga watoto, ningemchukia nikalala usingizi wangu. Lakini huyu ni baba aliyefua nguo za wanawe kwa mikono yake tangu mkewe arudi Gulu na kuolewa na mwingine, na dawa ya binti yake haikuwahi kukosekana.

Tunaishi ukuta kwa ukuta katika kambi ya polisi, upande wa Kawempe. Ukuta wenyewe ni bati, kwa hiyo mtu akikohoa kwake, mimi namwambia pole nikiwa kwangu. Aloyo, mtoto wake mkubwa, alipatwa na kisukari akiwa bado shule ya msingi, na kambi nzima ilicheka. Tulidhani kisukari ni cha makamanda wenye vitambi. Mtoto wa sajenti amekitoa wapi? Friji hatuna. Baba yake akanunua mtungi wa udongo, akautia mchanga mbichi, na chupa za insulini zikakaa humo zipate ubaridi. Sindano asubuhi, sindano jioni, chakula kwa saa.

Okullo aliuendesha ugonjwa huo kwa njia pekee aliyoijua. Kila asubuhi, kabla ya zamu, aliwapanga watoto wake watatu mbele ya mlango. Aloyo aliingia nyuma ya pazia la kitanda, akajidunga, akatoka na kupaza sauti: "Sindano tayari, afande!" Kisha baba akauliza kama wakubwa wanavyouliza gwarideni: "Iko mtu na malalamiko?"

"Hakuna, afande!" watoto wakajibu.

Mke yeyote wa polisi anajua swali hilo ni la nini. Ni la kufungia gwaride. Mkubwa huuliza, kikosi hujibu hakuna, watu wakatawanyika. Mume wangu amelijibu hivyo hata mwaka ambao mvua ilitunyeshea kitandani. Mwenzake mmoja alijitia kulijibu kwa ukweli, akahamishiwa Karamoja kabla nguo zake hazijakauka kwenye kamba.

Aloyo alipofika miaka kumi na sita alibadilika. Aliacha netiboli. Nywele hakusuka tena. Wasichana wa darasani waliona sindano kwenye mkoba wake, wakaeneza kwamba ana virusi, na hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Akirudi nyumbani alijilaza huku uso kaufunika shuka. Nilimwambia baba yake, "Afande, huyu mtoto hana raha."

"Mama Ocira, sukari yake iko sawa," akanijibu. "Mimi napima kila Jumapili."

Ilikuwa kama vile binti mzima ni sukari tu, hana kingine ndani.

Halafu Jumatatu moja, swali la gwaride likapata jibu jingine.

"Iko mtu na malalamiko?"

"Iko, afande." Ilikuwa sauti ya Aloyo. Mimi nilikuwa naosha vyombo nje, sufuria ikabaki mkononi. "Mimi nachoka. Sindano leo, sindano kesho, mpaka siku ya kufa. Usiku nalia. Saa ingine naomba Mungu nisiamke."

Laiti angemshika mkono tu! Badala yake Okullo alitutazama sisi majirani kwanza, na nikaona aibu inavyompanda usoni.

"Askari hapana choka!" akafoka. "Chukua fyekeo. Fatiki. Kata majani mpaka huko kwa vyoo!"

Fatiki ni kazi ya adhabu ya askari; basi mtoto mgonjwa akafyeka nyasi za serikali juani, kama kuruta aliyechelewa kulala. Kuna akina mama waliocheka, na majina yao ninayajua. Jioni Okullo alimpelekea yai la kuchemsha, akidhani mambo yamekwisha. Tunasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Aloyo hakuficha kitu. Aliyasema mbele ya kambi nzima, akapewa fyekeo.

Kuanzia kesho yake, "Sindano tayari, afande!" ilitoka kwa nguvu kuliko zamani zote. Okullo akaniita nisikie. "Unaona? Nidhamu ni dawa," akasema, na alitabasamu kweli.

Kabla Jumapili ya kupima haijafika, mambo yakaharibika. Aloyo alikunywa maji hadi ndoo ikaisha, akatapika, akaanza kuvuta pumzi ndefu zenye harufu ya matunda yaliyoivia guniani. Walimkimbiza hospitali kwa gari la polisi. Mimi nilibaki kumkusanyia nguo. Nilipogeuza godoro nyuma ya lile pazia, nikakuta kona moja ina madoa, inanuka dawa. Kila asubuhi alikuwa anadunga dawa pale godoroni, si mwilini, kisha anatoka kupiga saluti. Nilikaa sakafuni nikalia, na kilio kilipokwisha ikabaki hasira, ninayo hadi leo.

Hakufa. Nilizipeleka nguo hospitali, nikamweleza daktari habari ya godoro, naye akamwambia Okullo bila kuzunguka kwamba binti yake hakusahau dawa, aliikataa, na kwamba anahitaji kusikilizwa kuliko anavyohitaji kupimwa. Okullo alisikiliza akiwa wima, mikono ubavuni. Kisha akavua kofia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Aloyo, mwanangu. Sema. Baba nasikia."

Aloyo alimgeukia. Midomo ilikuwa imempasuka kwa ukavu.

"Nikisema, baba, utanipa fatiki gani?"

Okullo aliigeuza kofia mkononi. Nilimsubiri, na Aloyo naye alimsubiri, hilo niliona kwa macho yangu. Neno lolote la kibaba lingetosha. Okullo akatazama saa yake, akasema zamu imefika, akavaa kofia na kutoka.

Aloyo akaniomba nimsaidie ageukie ukutani.