Kukata Namba za Dadamu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkubwa wetu wa ghala la tumbaku mjini Arua alinisukumia karatasi nitie saini. Ilisema wakulima thelathini na mmoja wa kijiji cha Dadamu ni hewa, kwa kuwa mashine ya hesabu ya Kampala ilizikataa namba zao. Saini yangu ingefuta malipo yao ya msimu. Nilikataa.

Mama mmoja wa orodha hiyo alikuwa dirishani. Mkubwa alimwambia mashine haimjui.

"Mimi iko hapa," alijibu. "Tumbaku yangu iko nyuma yako. Hiyo mashine ilikuja Dadamu lini?"

Namba yake, ARDA0417, ilipakwa rangi kwenye robota lake. Sisi makarani tulizikata namba vipande na kuvijaza katika visanduku vya fomu. Mwongozo wa Kampala ulitaka kipande cha mwisho kianzie 4 na kiishie 8. Tulihesabu kama tunavyohesabu mbuzi, wa kwanza ni moja. Kuanzia alama ya nne hadi ya nane tulipata A0417. Kisanduku kilikuwa na nafasi nne tu, basi tukaiacha ya mwisho. Ikaenda A041.

Niliazima futi ya fundi cherehani wa barazani. Nikaiandika namba kwenye ukanda wa karatasi, kila alama inchi moja, nikaulaza kando ya futi. Ukingo wa futi ni sifuri, na mkasi hupita kwenye mistari, kati ya alama na alama. Toka 0 hadi 2 nilipata AR, ndiyo Arua. Toka 2 hadi 4, DA, Dadamu. Toka 4 hadi 8, 0417. Nane toa nne ni nne. Kisanduku kilijaa sawasawa.

Mkubwa alisema mtu wa darasa la saba kama mimi hawezi kumfundisha hesabu kwa ushonaji.

"Suruali yako nilikata hivyo hivyo, bwana," fundi akasema, "na inakutosha."

Niliandika upya fomu zote, na barua kwamba kosa ni la ghala, chini yake jina langu. Malipo ya wakulima yalipofika nilikuwa nimeshahamishiwa Koboko kwa utovu wa adabu. Sijaomba radhi hadi leo. Zilizookolewa kwa wale thelathini na mmoja: shilingi elfu kumi na moja, mia nne na ishirini, za wakati ule.