Juba: Nilitafsiri "maalesh" kuwa "nisameheni" ili kanisa lisigawanyike, na mtu nusura auawe

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa zamani na wageni.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu kuna uzi wa wiki iliyopita mtu alisema Mkristo akiona ugomvi kazi yake ni kutuliza tu, mengine amwachie Mungu. Nimekaa nao moyoni siku tatu, nikaona nisiposema nitapasuka.

Ninayoeleza yamenikuta mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, jenereta zote ninazotengeneza zigome kuwaka kesho asubuhi. Majina nimebadilisha. Makabila sitataja, na ninawaomba na nyie msiulize, tunajua nyuzi za namna hiyo zinavyoishia kufungwa na moderator.

Mimi ni mzaliwa wa Kagera. Ufundi wa jenereta nilijifunzia Kampala, na uhuru wa Sudan Kusini ulipokaribia nikafuata harufu ya kazi mpaka Juba. Mji mzima ulikuwa unaishi kwa jenereta. Fundi mwenye mikono miwili na spana alikuwa hakosi ugali.

Nikapata sehemu mtaa wa Atlabara. Mzee mmoja, nimwite Mzee Natana, akaniruhusu niweke kontena langu kwenye kiwanja chake, mbele ya geti lake. Alikuwa mzee wa kanisa letu pia. Mtu wa msimamo, mcha Mungu kweli, wala sisemi kwa kejeli.

Kanisa letu lilikuwa na ibada ya Kiswahili: Waganda wengi, Wakenya kidogo, na Wasudani Kusini waliokulia ukimbizini Uganda na Kenya. Waliobaki Juba miaka yote ya vita vya zamani, kama Mzee Natana, walizungumza Kiarabu cha Juba. Mimi nilikuwa nimekishika vizuri, na nilikuwa sina aibu ya maikrofoni, basi nikawa mkalimani. Pia nilikuwa fundi mitambo wa kanisa.

Mpiga kinanda wetu alikuwa kijana mmoja, nimwite Simon. Alikulia Kakuma, Kenya, na dada yake Rebeka. Tulikuwa tunafunga na kufungua vyombo pamoja kila Jumapili. Rafiki yangu.

Sasa ikaja Desemba ya 2013, vita vikazuka Juba. Waliokuwepo wanajua.

Siku ya pili ya mapigano, asubuhi, milio ilitulia kidogo. Nikamwambia Simon tutoe vyombo vya kanisa kabla havijaporwa, tuviweke kwenye kontena langu. Ilikuwa majira ya kungoja Krismasi, pale madhabahuni kulikuwa na kitambaa kirefu cha zambarau. Tukakichukua, tukafungia stendi tatu za maikrofoni. Simon akazibeba begani. Mimi nikabeba mixer ya sauti.

Mzee Natana alikuwa getini kwake. Alituona. Akaingia ndani kabla hatujafika kwenye kontena.

Mchana wake nikapata lori la Waganda linalokimbilia Nimule, mpakani na Uganda, nikadandia. Njiani, kwenye kizuizi cha Nesitu, tulizuiwa saa nzima, na muda wote huo nilikuwa nawaza kontena langu. Simon sikumuwaza hata kidogo. Naona aibu kuandika, lakini niliahidi ukweli.

Niliporudi Juba baada ya miezi kadhaa, nikakuta habari imeshaiva mtaani. Eti Simon alikuwa anaficha bunduki kanisani. Mzee Natana alimwona kwa macho yake akizibeba, na watu wenye silaha walipopita kuuliza nyumba kwa nyumba, akawaambia alichoona. Chumba cha Simon kilivunjwa. Yeye aliponea kwa kuruka ukuta wa nyuma, akakimbia peku na mke wake mpaka kambi ya Umoja wa Mataifa.

Wakuu, mimi nilijua zile "bunduki" ni nini. Ni mimi niliyezifunga. Nilikuwa mtu pekee Juba, ukimtoa Simon mwenyewe, anayejua.

Nikanyamaza.

Nilijiambia nalinda amani. Mzee Natana alikuwa amempoteza mtoto wa kaka yake usiku wa kwanza wa vita, nani amwongezee jeraha? Tena kanisa lina watu wa pande zote, ukigusa hili linapasuka. Hizo ndizo sababu za kiroho. Sababu ya kimwili ni kwamba kontena langu lilikuwa kwenye kiwanja chake.

Funika kombe mwanaharamu apite. Ndivyo nilivyoishi.

Mkataba wa amani uliposainiwa, watu wakaanza kutoka kambini kidogokidogo. Mchungaji wetu, Mganda mmoja mpole sana, akaandaa ibada ya upatanisho. Rebeka akaja kumwakilisha kaka yake. Simon alitaka kitu kimoja tu: jina lake lisafishwe ili arudi nyumbani na mkewe. Hakutaka fidia wala kesi.

Mzee Natana akapewa nafasi ya kusema. Alikataa maikrofoni. Akasimama pale mbele, akaongea chinichini, kwa Kiarabu cha Juba. Alieleza vita vilivyokuwa vibaya, watu walivyokufa, yeye mwenyewe alivyofiwa. Akamaliza hivi:

"Maalesh le Simon. Maalesh le nas bet to."

Yaani maalesh kwa Simon, maalesh kwa watu wa nyumba yake.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo kisa kilipo. Maalesh ni neno la kila saa Juba. Ukimkanyaga mtu, maalesh. Mtu akifiwa, maalesh. Umeme umekata, chai imemwagika, maalesh. Sisi kwenye Kiswahili tuna "pole" na tuna "nisamehe", na kila mtu anajua si kitu kimoja. Pole unampa hata mtu aliyeumwa na nyuki wa jirani. Nisamehe ni mpaka uwe umekosa.

Mzee Natana alisema pole. Nilimsikia, nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakusema amekosa, hakusema hapakuwa na bunduki.

Na mimi, mpatanishi mkubwa, nikashika maikrofoni nikasema: "Mzee anasema alikosea. Anamwomba Simon na nyumba yake wamsamehe."

Vigelegele! Watu wakakumbatiana. Mchungaji akalia. Rebeka alilia mpaka akakaa chini. Mimi nikarudi kukaa nikijiona nimefanya kazi ya mbinguni.

Rebeka akapeleka ujumbe kambini. Simon akaamini, maana aliyetafsiri ni rafiki yake.

Jumatano yake akatoka. Akaja mtaani, akamkuta Mzee Natana kwenye tangi la maji, vijana wengi wamepanga madumu. Akamwendea mkono mbele, akamshukuru kwa kukiri kosa.

Mzee akashangaa kabisa. "Kukiri nini?" akamuuliza kwa Kiarabu, kwa sauti. "Zile bunduki uliziweka wapi?"

Vijana wale walisikia neno bunduki tu. Jiwe la kwanza lilimpata Simon juu ya sikio. Alikimbia damu ikichuruzika mpaka barabara kubwa, akaokolewa na mwendesha boda aliyempakia bila kuuliza.

Kesho yake Rebeka akaja kwenye kontena. Hakusalimia.

"Fundi, mzee alisema nini kanisani? Niambie vile alisema, word kwa word."

Nikamwambia. Maalesh.

"Maalesh niliisikia. Lakini alikuwa anaongea chini, nikadhani iko kitu mbele yake." Akaniangalia. "Kumbe wewe ndio ulimwongezea."

"Nilimwongezea."

"Na Simon anasema hizo stand mlifunga na yeye. Miaka yote hii, mbona hujawahi sema?"

Nilianza kusema habari za umoja wa kanisa, akanikatiza.

"Umoja ya nani? Brother yangu ako na nyuzi saba kwa kichwa."

Akaondoka. Nilikaa na spana mkononi nikalia kama mtoto, mteja akadhani nimefiwa. Hasira yangu yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Siku ileile nikaenda kwa mchungaji, nikamwambia Jumapili nataka muda wa ushuhuda nieleze kila kitu. Akashika kichwa.

"Ndugu, mambo nalikwisha. Sasa wewe nataka kuvunja kanisa? Sisi iko watu ya amani."

"Mchungaji, haikuisha. Niliifunika. Simon ameshonwa kichwa."

Mwisho akasema, "Sawa. Lakini utaongea kama wewe, hapana kama kanisa."

Sikumlaumu. Nilikuwa nimetumia hoja hiyohiyo kwa miaka.

Jumapili nikafika na mzigo begani. Zile stendi tatu, kitambaa kilekile cha zambarau, nimefunga vilevile. Muda wa ushuhuda ulipofika nikausimamisha mbele, nikawauliza kina mama wa kwaya: mnaona nini?

Mmoja akajibu bila kufikiri, "Bunduki hizo!" Watu wakacheka.

Nikafungua. Kicheko kikakatika.

Nikasema kwanza kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kiswahili, bila mkalimani. Nikasema hiki ndicho Simon alichobeba siku ile, ni mimi niliyemtuma, na mixer nilibeba mimi. Nikasema Mzee Natana hakudanganya juu ya alichokiona. Aliona kitu kirefu kimefungwa, kwenye siku ambayo kila kitu kirefu kilikuwa bunduki. Amekosea. Mwongo ni mimi, kwa sababu nilijua. Tena nimedanganya mara mbili, kwa kunyamaza na kwa kutafsiri. Mzee alisema maalesh. Nisameheni ilitoka kinywani mwangu.

Sauti haikutetemeka, namshukuru Mungu kwa hilo.

Mzee Natana akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Watu kama ishirini wakamfuata. Mmoja akaniambia mlangoni nimemvua nguo mzee wa watu. Ukalimani nikaondolewa palepale.

Jumanne nikaambiwa nitoe kontena kiwanjani. Nikatafuta lori la winchi, nikahamia mtaa mwingine, Mangateen, kuanza upya na wateja wapya. Kuna watu niliokula nao Krismasi tano ambao mpaka leo wakiniona wanavuka barabara.

Kuna waliosema humu kwamba ukweli unakuweka huru. Sawa, ila hawataji kwamba unaanza kwa kukufukuza nyumbani.

Baada ya kama mwezi hivi, mchana jua kali, boda ikasimama mbele ya kontena. Akashuka Mzee Natana na mkewe. Nilijua wamekuja kunitukana.

Mkewe ndiye aliyeanza. Akasema mzee halali vizuri. Kila akifunga macho anaona zambarau. Alikiona kitambaa siku ile, na hakujiuliza bunduki gani inafungwa kwa kitambaa cha madhabahu.

Mzee akasema, "Ana galtan." Nimekosea.

Nikamwambia, "Si kwangu, mzee. Mwambie mwenyewe."

"Nitamwambia. Lakini wewe usitafsiri."

Ilinichoma, lakini alikuwa na haki. Akaniomba nimfundishe maneno ya Kiswahili ambayo mtu hawezi kuyaelewa vibaya. Mzee wa umri ule, amekaa kwenye ndoo ya oili, anarudia kama mtoto wa chekechea: nilikosea, nilikosea.

Tukampitia Rebeka, tukaenda kambini. Simon akatoka mpaka getini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mimi nikasimama mbali na kufunga mdomo.

Maneno yote niliyomfundisha mzee yalimpotea. Alisema hivi:

"Simon. Mimi galtan. Mimi nakosea. Bunduki mafi."

Mafi ni hakuna. Hata nyie msiojua Kiarabu mngeelewa.

Simon hakumkumbatia. Akasema, "Nimesikia mzee. Lakini hapa hakuna mtu alinipiga mawe. Enda useme pale kwa maji."

Nilidhani mzee atakataa. Kesho yake asubuhi alienda kwenye tangi wakati foleni imejaa, akaita vijana wale kwa majina, mmojammoja, akawaambia yeye ndiye aliyekosea na kwamba atakayemgusa Simon aanze na yeye. Nimesimuliwa na watu watatu tofauti, na wote wanasimulia sawa.

Wiki iliyofuata Simon na mkewe walirudi kwenye chumba chao. Mzee Natana alimpelekea mlango mpya wa bati, akaufunga kwa mikono yake mwenyewe.

Hawajawa marafiki. Simon sasa anapiga kinanda kanisa jingine. Na mimi na Simon hatujarudi tulipokuwa, tunasalimiana vizuri tu, na sidai zaidi. Kiwanja sikurudishiwa wala sikukiomba.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Nilikuwa nadhani mpatanishi ni mtu anayepunguza makali ya maneno ili watu wasiumizane. Sasa najua nilikuwa nawapa watu amani isiyo yao. Mzee alihitaji mwezi mzima kufika kwenye "nimekosea". Mimi nilimfikisha kwa sekunde moja, kwa mdomo wangu, na gharama yake akailipa mwingine kwa damu.

Tena usikimbilie kumsema mwenzako kabla hujajisema. Ningesimama siku ile kumshambulia mzee peke yake, nadhani asingekuja Mangateen.

Haya, uwanja ni wenu. Wale mnaotafsiri makanisani, misikitini, kwenye mabaraza ya mtaa: mmewahi kuongeza neno ili watu wasigombane? Semeni, humu hakuna anayewajua. Na mnaoona nilipaswa kuendelea kunyamaza, njooni pia, nitamjibu kila mmoja bila matusi.

Ila stendi zile ningezifungua tena, hata kesho.