Mpaka Ngazini

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu jinsi Waingereza na Wajerumani walivyoigawanya milki ya Sultani wa Unguja. Walipatana wenyewe kwa wenyewe, wakamwachia ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kisha wakampelekea habari. Mwaka huu msichana mmoja aliniuliza kwa nini Sultani hakuwafukuza. Nilimjibu kwa ukali asiostahili, kwa sababu swali lenyewe nilikuwa nimeliacha nyumbani asubuhi.

Nyumba yetu iko mtaa wa Kibokoni, imebanwa na majirani wawili wenye uwezo. Wa upande wa kibla ana maduka ya jumla sokoni Marikiti. Wa upande wa pili ameigeuza nyumba yake kuwa ya kulaza wageni. Baba alipofariki, kuta zilianza kupasuka, na mshahara wangu wa ualimu haukufua dafu. Majirani wakaja na adabu zao zote.

"Bi mkubwa," alisema yule wa maduka, "nyumba hii ikianguka itatuangukia sote. Niachie ukuta huu niushike."

Mama akashukuru. Wa pili akaomba atengeneze dari, akashukuriwa vilevile. Maandishi hayakutajwa. Kwetu, kumdai jirani karatasi anapokufanyia hisani ni kumtukana mchana kweupe.

Aliyeushika ukuta akautoboa mlango, akajaza magunia yake ukumbini. Aliyetengeneza dari akawapandisha wageni wake vyumba vya juu. Sisi tumebaki na chumba kimoja cha chini na jiko. Wakili alituambia haki ni yetu, kisha akatueleza kesi kama hizi huchukua muda gani, nikamtazama mama na miaka yake, nikamshika mkono tukarudi nyumbani. Yeye ana haja moja tu: jeneza lake litokee mlango wa mbele, ule alioingilia akiwa bi harusi.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, wale wawili walikuja kupatana. Na wapi pengine? Kwenye baraza yetu, nje ya mlango huohuo. Mama alizisikia sauti zao akateleka birika.

"Mama, wanagawana nyumba yako," nikamwambia.

"Nawasikia. Wapelekee kahawa. Mtu hakai barazani kwangu koo kavu."

Niliichukua sinia kwa hasira. Ningeweza kuwamwagia. Badala yake niliwamiminia, nikawauliza hali za nyumbani kwao, nikajihisi nimefungiwa ndani ya adabu zetu wenyewe. Pengine Sultani naye aliwapa kahawa.

Waliisifu tangawizi, wakaendelea mbele yangu bila wasiwasi. Mpaka uwe ngazini.

"Na mlango huu chukua wewe," mwenye maduka akamwambia mwenzake, "wageni wako wapate pa kupitia."

"Ahsanta sana. Mwalimu ndiye shahidi wetu."

Nilirudi jikoni na vikombe vitupu. Mama hakuniuliza kama nimewajibu.

"Wamekata wapi?"

"Ngazini."

"Na mlango?"

Nilimwambia umekwenda kwa mwenye wageni. Alichukua kikombe kimoja akakisuza, akakisuza tena, ingawa kilikuwa kimeshatakata.

"Na mimi?" akauliza. "Nimeingia fungu la nani?"