Ametoka Kidogo

Pale uwanja wa ndege wenzake walimwita Mzee Kimya, na jina hilo hawakumsingizia. Miaka kumi na tisa alipokea wageni kwa gari lake jeupe, akawafikisha walikokwenda, na wengi walishuka bila kuijua sauti yake. Maneno yote yalikuwa ya mkewe. Yeye walimwita Mama Simu.

Kazi yao ilikwenda hivi. Mgeni akitaka gari la kumpokea au la kumpeleka uwanjani, anampigia Mama Simu. Mama Simu yuko kwenye kiti chake cha plastiki, karibu na dirisha la sebuleni. Anauliza siku, saa, mizigo mingapi, kuna mtoto wa kubebwa au hakuna. Anaandika daftarini. Asubuhi mume akifuta vioo vya gari, mke anamsomea kupitia dirishani.

"Wa saa nne ni mwanamume mwenye haraka, usimfungulie redio. Wa saa nane ana masanduku matatu na mdomo mrefu. Wewe mwitikie tu."

Mume anaitikia kwa kichwa, basi. Hakuwahi kukaa darasani. Tarakimu alizijua. Herufi alizipita kama unavyopita watu usiofahamiana nao. Vibao vya majina ya wageni aliandika mke kwa kalamu nene, na kila kibao alikikata kona ya juu, mkono wa kulia, ili mzee asije akakishika kichwa chini miguu juu mbele ya halaiki ya watu.

Miezi mitano iliyopita Mama Simu aliugua. Siku sita tu. Ya saba wakamzika.

Siku ya tatu baada ya maziko simu yake ililia pale mezani. Watu walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja kwake. Mzee aliitazama ikilia. Akaipokea akiwa amesimama, kwa maana kile kiti hakuweza kukikalia. Alikuwa mteja wa siku nyingi, anataka gari Jumatano.

"Mama mwenyewe yuko wapi leo?"

Mzee alifungua kinywa aseme. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Likatoka jingine.

"Ametoka kidogo."

"Haya, msalimie."

Yakaisha. Halikumuuma hata kidogo. Kesho yake akapiga mwingine, akasema vile vile. Tangu hapo akawa anatembea na ile simu kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, anapokea mwenyewe, anaweka siku na saa kichwani, na kila aulizwapo anajibu hivyo hivyo. Ametoka kidogo. Amefika hapo jirani. Anarudi sasa hivi.

Ila neno hilo lina kazi yake. Ukimwambia mtu kwamba fulani ametoka, na wewe mwenyewe unabaki unamngoja. Mzee alianza kuacha mlango bila komeo. Akipika, anapika cha wawili, halafu anasimama na mwiko mkononi anashangaa. Siku moja alasiri alijikuta amesimama kizingitini, mkono juu ya macho, anatazama kule njia inakokata kona. Hakukumbuka alitoka ndani saa ngapi. Na kile kiti cha plastiki, ambacho hakuna aliyekikalia, kilikuwa kinalia kwaa, jinsi kilivyokuwa kikilia mke alipokuwa akiinuka.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na mtu wa kuambiwa ndiye huyo?

Binti yake, mwalimu wa chekechea, alikuja kila Ijumaa kumwandikia yale aliyoyabeba kichwani. Ijumaa moja simu ikalia yupo, akasikia kwa masikio yake.

"Baba."

"Naam."

"Mama ametoka kaenda wapi?"

Mzee akashika kikombe, akakitazama ndani.

"Hao ni wateja tu," alisema. "Wakijua hayupo watakimbia."

"Wateja. Haya. Na yule mama mshonaji naye ni mteja tu?"

Hapo alimpata. Mama mshonaji alikuwa mjane wa mji wa mbali. Mara mbili kwa mwaka alikuja kwa ndege kumwona mwanawe, na gari lilikuwa la Mzee Kimya siku zote. Safari ya kwanza alipiga simu kuuliza gari, akamaliza saa nzima na Mama Simu wakizungumzia magoti. Tangu hapo walipigiana kila wiki. Wakaitana dada. Walijuana maradhi, wakwe, hata ndoto. Kuonana hawajaonana, maana mwanawe anakaa upande mwingine wa mji, na kila safari walisema tutaonana ijayo.

Tangu msiba, yeye aliyezoea kupiga kila wiki, alikuwa amepiga mara nne tu. Mara nne Mama Simu alikuwa ametoka kidogo. Mara ya nne mama mshonaji alicheka kicheko kikavu.

"Huyo dada yangu siku hizi amepata miguu! Haya shemeji. Niandikie gari Jumamosi, natua saa nane mchana. Na safari hii siendi kwa mwanangu kwanza. Nakuja kwenu. Nimemshonea gauni, nataka nimvalishe kwa mikono yangu. Mwambie."

"Nitamwambia," alisema mzee.

Binti aliposikia hayo alishika kichwa.

"Utamwambia! Baba, mtu anashona gauni la marehemu na wewe unaitikia! Nipe hiyo simu nimpigie mimi, sasa hivi."

Mzee akafunika mfuko wa shati kwa kiganja.

"Nitamwambia mwenyewe. Uso kwa uso."

"Wewe? Mama alisema siku ulipokwenda kumposa ulikaa nusu saa hujatamka neno, mpaka akakuonea huruma, akakwambia haya nimekubali, nenda nyumbani."

Mzee alicheka. Kicheko kikamponyoka kikawa kitu kingine, na binti akaondoa vikombe haraka akaenda jikoni.

Jumamosi alifika uwanjani saa saba. Amevaa shati la mikono mirefu, amefunga tai. Madereva walikuwa wameegemea ukuta, pale mlango wa wanaofika, vibao chini ya kwapa.

"Mzee Kimya na tai!" alipiga kelele dereva waliyemwita Kipara. "Jamani, mzee anaoa!"

"Atamposa kwa ishara," alisema mwingine.

Wakacheka. Mzee akatabasamu kidogo, akasimama mahali pake. Ubao wa kuonyesha ndege hakuweza kuusoma, lakini hakuuhitaji. Wasukuma toroli wakiacha soga wakaanza kupanga toroli, ndege imetua. Alikuwa akiyarudia maneno ya kumwambia mama mshonaji, midomo ikicheza bila sauti. Mke wangu amefariki. Dada yako amefariki. Mama Simu hatunaye. Alijaribu kila namna, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni.

Toroli zikaanza kupangwa.

Mama mshonaji alitoka mwanzoni kabisa. Mwembamba, miwani shingoni kwa kamba, sanduku moja. Mkononi mfuko wa karatasi aliokataa kuutua.

"Huu naushika mwenyewe. Habari za masiku, shemeji? Umependeza! Dada amekufunga tai vizuri."

Mzee akafungua mlango wa nyuma. Akafunga. Akaenda kukaa kwenye usukani. Akajisemea, tukitoka tu getini. Wakatoka getini. Akajisemea, tukipita tu daraja. Wakapita daraja.

Mama wa watu alikuwa anaongea. Mikono aliishona mirefu, maana dada alisema viwiko vinamwuma siku za baridi. Kiuno alikadiria kwa sauti. "Sauti ya mtu inaonyesha kiuno, shemeji, usicheke. Mimi fundi." Mzee hakuwa anacheka. Jasho lilimtoka ndani ya kola.

"Ngoja nimwambie tumekaribia," alisema mama mshonaji. "Asije akatoka tena."

Mzee alimwona kwenye kioo akivaa miwani, akibonyeza. Alijua kitakachofuata, na mikono ikamganda kwenye usukani.

Simu ikalia kifuani pake.

Ikalia. Mama mshonaji akainua uso. Akaitazama simu yake, akatazama kisogo cha mzee. Akakata. Ya kifuani ikanyamaza. Akapiga tena, polepole, kama anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto. Kifua cha mzee kikalia tena.

Mzee akawasha taa ya pembeni, akatoa gari barabarani, akasimama kwenye changarawe. Malori yakawa yanapita, gari linatikisika.

"Shemeji," alisema mama mshonaji. Sauti imepungua. "Ametoka kwenda wapi?"

"Amekufa."

Lilikuwa neno dogo. Alishangaa lilivyokuwa dogo.

"Lini?"

"Mwezi wa tano huu. Homa. Siku sita."

Nyuma, mfuko wa karatasi ukalia, umekumbatiwa.

"Miezi mitano," alisema. "Ukaniacha nashona mikono."

"Nisamehe."

"Unajua kwa nini nimeshona hili gauni? Unajua?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Nilidhani amenichoka. Kila nikipiga ametoka. Nikasema, nimemkosea nini huyu mwanamke? Nikalala na kuamka na hilo. Nikashona ili anisamehe."

Mzee akageuka. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kumgeukia mgeni. Macho ya mama wa watu yalikuwa mekundu, na ghadhabu imo.

"Hukumkosea," alisema. "Alikupenda. Siku ya nne ya homa alisema nikukumbushe magoti, uyakande." Akagusa mfuko wa shati. "Sikukukumbusha. Kosa langu. Kusema... nilishindwa. Nikisema ametoka, nyumba inakuwa na mtu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema ndani ya gari lile. Mama mshonaji alimtazama kitambo, hasira ikimshuka kidogo kidogo usoni. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la nguo, akawa anaendelea kuipangusa.

"Nilijua unanidanganya," alisema. "Mara ya tatu nilipopiga. Ndiyo iliyoniuma."

"Ulijuaje?"

"Si nilimsikia. Uliposema ametoka kidogo, akakohoa hapo nyuma yako. Nikajua yumo ndani, hataki tu kusema na mimi."

Lori likapita. Vioo vikatetemeka, vikatulia.

Mzee aliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa saa tano asubuhi, mlango wazi. Binti alikuwa shuleni kwake. Redio ilikuwa imezimwa tangu msiba.

"Alikohoaje?" aliuliza.

"Kwani vipi?"

"Alikohoaje, shemeji?"

Mama mshonaji akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Kimoja kirefu. Akatulia kidogo. Viwili vifupi, vya haraka, kama mtu anayesafisha koo ili aanze kuongea.

Mzee alishika kiti kwa mkono. Mkewe alikohoa hivyo kila asubuhi, miaka na miaka, kabla ya kusema neno la kwanza.

Mama mshonaji akafungua mlango wake, akashuka kwenye changarawe, akazunguka, akaja kukaa mbele, mfuko mapajani.

"Twende kwenu," alisema. "Huko ndiko nilikosema naenda."

Mzee alitaka kumwambia kwamba huko nyumbani hakuna mtu. Alifungua kinywa. Lakini alikuwa ameshaapa moyoni, pale pale kando ya barabara, kwamba hatamdanganya tena mama huyu, na sasa kama kweli nyumbani hakuna mtu, hakuwa na hakika.

Akatia gia, akaingiza gari barabarani.