Geti la Kanisa

Siku sita kwa wiki nililinda geti la matajiri wa Johannesburg, na hakupita mtu bila kuandika jina kwenye daftari langu. Jumapili moja, kanisani katika mtaa wa Rosettenville, mazoea yakanishika. Nikasimama mlangoni kikakamavu, nikamzuia mchungaji mwenyewe, nikamnyooshea kitabu changu cha nyimbo na kalamu.

"Andika jina kwanza, papa," nikasema, nikimwita baba kwa heshima.

Watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mmoja mzee wa kwaya akanivuta mkono.

"Mwanangu, hapa ni kwa Baba yako. Umeona wapi mtoto akilinda geti kwao?"

Jumapili iliyofuata nilichelewa. Sikupiga hodi. Nilipita katikati nikiimba kwa sauti, nikakaa mbele kabisa, kwetu.